Ehe, ikawaje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 18, niko Kidato cha Tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kwenye shule ya bweni ambayo sitaitaja. Wiki hii nipo nyumbani kwa sababu ya malaria, na hapa natumia simu ya dada. Tatizo langu si la mapenzi, kwa hiyo ukiona halifai kwenye safu yako lipite tu.

Shangazi, mimi sisomi. Yaani nasoma, Kidato cha Nne nilipata divisheni wani, na kwenye diskasheni za fasihi wenzangu hunikalisha mbele niwafundishe. Lakini tangu Kidato cha Pili sijakifungua kitabu cha hadithi ukurasa wa kwanza nikakifikisha wa mwisho. Riwaya tunazofanyia mtihani nazijua kwa uchambuzi. Nikikutajia dhamira tano za riwaya fulani, migogoro yake, nafasi ya mwanamke, na mifano juu, utasema nimeisoma mara tatu. Sijaisoma. Nimesoma desa la mtu aliyesoma desa la mtu mwingine.

Sikuwa hivi. Nimelelewa na bibi Pangani. Bibi alikuwa anauza vitumbua karibu na kivuko, na watu wanaosubiri kuvuka kwenda Bweni walikuwa wananunua asubuhi wakila na chai. (Siku naondoka kuja shule alinitania, umetoka kuwalisha watu wa Bweni, unaishia bweni.) Alikuwa anafungia kwa magazeti ya zamani, yale ya kununua kwa kilo, na kazi yangu ilikuwa kuyachana. Kabla ya kuchana nilikuwa nasoma. Nilisoma kila kitu, matangazo ya vifo, minada, bei ya mahindi, na zaidi ya yote zile hadithi za mfululizo kwenye magazeti ya udaku. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo nilikuwa namsomea huku anageuza vitumbua kwa kijiti. Shida ni kwamba hadithi hazikuwa na mwisho. Ama karatasi imechanika, ama wameandika itaendelea wiki ijayo, na gazeti la wiki ijayo halimo kwenye kilo yetu. Bibi alikuwa hakubali. “Ehe, ikawaje?” Basi namalizia mwenyewe, uongo tu wa kitoto. Kuna moja naikumbuka mpaka leo, mwanamke ameshuka kwenye basi Segera saa nane usiku, ana begi jekundu, kondakta anataka kumsaidia kulibeba anakataa, halafu hapo panya wamekula kona nzima ya ukurasa. Jioni bibi akishasoma msahafu wake ananiita tena, yule wa Segera je?

Nilipoingia Kidato cha Kwanza kila kitu kikawa Kiingereza. Shule yangu ya msingi ilikuwa ya serikali, tulisoma kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja wa hadithi ulikuwa unanichukua dakika arobaini na kamusi pembeni, nikimaliza najua kila neno ila sijui kimetokea nini. Na ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Kusoma kukaanza kunichosha.

Nikawa naandika badala yake. Kidato cha Tatu nilikuwa na kaunta buku langu la hadithi, kwa Kiswahili, naliweka katikati ya madaftari ya masomo. Kidato cha Nne, mwezi wa pili, mwalimu wa zamu akalikuta wakati wa prepo. Akasema serikali inatusomesha bure ili tuandike upuuzi. Kesho yake akalisoma mbele ya darasa. Ilikuwa hadithi ya binti ambaye baba yake ni mvuvi, dau likarudi bila yeye, na mama anaendelea kupika chakula cha watu wanne. Watu walicheka sana, maana mwalimu alikuwa anaigiza sauti. Akafika pale mama anapoifunika sahani ya baba kwa kawa na kuiacha juu ya meza. Hapo akafunga daftari, akasema tufungue Historia. Sijui darasa liliacha kucheka saa ngapi, mimi nilikuwa nimelaza kichwa mezani. Kuanzia siku hiyo naitwa Kawa. Hata usiku ule msichana wa kitanda cha juu aliniinamia akaninong'oneza eti ikawaje, baba alirudi? Nikajifunika shuka. Kejeli zimenifuata mpaka kitandani.

Daftari nililichoma jalalani. Sasa nikishika kalamu kuandika kitu ambacho si cha mtihani, naisikia ile sauti inanisoma.

Mjomba anayenilipia mahitaji anasema fasihi haina ajira, nikimaliza nikasome uhasibu. Mimi nilitaka kuwa mwandishi, lakini mwandishi gani hasomi wala haandiki? Je, nawadanganya wenzangu ninapowafundisha? Na hii hamu ikishakufa, inarudi?

Kawa, Tanga

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole na malaria. Maliza dozi yote hata kama siku ya pili umeamka mzima.

Umesema huandiki, halafu ukaniandikia barua ndefu hivi kwa kidole, kwenye simu ya kuazima, ukiwa na homa. Sitakusumbua na hilo. Nilitaka tu ujue kwamba nimeliona.

Tuanze na desa, maana hapo unajihukumu bure. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nimekaa kwenye usahihishaji. Kule kila mtu anapewa swali lake, na karatasi za watahiniwa zinapita mikononi kama mkanda wa kiwandani. Anayesahihisha anatafuta hoja, anatafuta mfano kutoka kitabuni, anaweka vema, anasukuma kwa mwenzake. Uchambuzi uliandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kazi hiyo unaiweza. Ukiwafundisha wenzako kumjibu huwadanganyi, unawasaidia, na usiache, mtihani wako wa mwezi wa tano mwaka kesho unakungoja. Ungekuwa unawadanganya kama ungewaambia umelia uliposoma ile riwaya.

Kinachokuumiza nadhani ni kitu kingine. Ulipokuwa kivukoni ulisoma bila kudaiwa. Sasa hivi kila ukurasa ni mkopo, ukiufungua tu unajua kuna mtu atakuja kuudai, na atataka dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Nani anakaa kwa raha na deni?

Hapana, nimekosea, ngoja nijirekebishe. Hata kivukoni ulikuwa unadaiwa, na mdai alikuwa mkali kuliko Baraza la Mitihani. Ila bibi yako hakuuliza dhamira hata siku moja. Aliuliza ikawaje. Na hilo swali, ukilifuata, linakupeleka mbele, ukurasa unaofuata, kesho, wiki ijayo. Swali la dhamira linakurudisha nyuma ukakusanye. Shule ilikufundisha kukusanya, ikafanya vizuri, na katika shughuli hiyo wakasahau kukuacha na lile la bibi. Sidhani kama hamu yako imekufa. Imekosa mtu wa kuiuliza swali lake.

Sasa fanya hivi. Likizo ya Desemba chukua riwaya moja tu, mojawapo ya hizohizo unazofundisha kwa desa. Najua wengi wangekuambia utafute kitabu kipya kisichokuwa na harufu ya mtihani. Mimi nakataa. Hiyo ya desa tayari unajua nani anakufa na nani anamwacha nani, kwa hiyo hutakimbilia mwisho, na penseli huna haja nayo, mifano yote unayo. Isome kutafuta vile ambavyo desa liliviacha nje. Watu wanakula nini mle. Nani ana mzaha. Mvua inanyesha lini. Uchambuzi huwa unachuja vitu hivyo vyote kama mtu anayekamua tui na kutupa machicha, ila safari hii tui lenyewe ndilo limetupwa. Kurasa kumi kwa siku, asubuhi kabla simu haijaanza kuita. Halafu mtafute bibi, umsimulie palipofikia, na unyamaze. Ataiuliza mwenyewe. Kama riwaya hiyo huna, maktaba ya mkoa ipo pale Tanga mjini. Nenda na kitambulisho cha shule, ulizia.

Kwa Kiingereza, ifunge kamusi. Nasema kweli. Dakika arobaini kwa ukurasa haiwezi kuitwa kusoma, hiyo ni kuchambua mchele punje moja moja mpaka usiku unaingia na sufuria haijapanda jikoni. Ulimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, Januari moja ukaamka masomo yote yamehamia lugha nyingine, na ukachoka kama ambavyo mtu yeyote angechoka. Tafuta hadithi za Kiingereza zilizoandikwa kwa watoto wadogo kuliko wewe, usione haya, hakuna anayekutazama. Neno likikupita, liache lipite. Likirudi mara ya tatu, hapo ndipo ulitafute, maana limeonyesha lina shida na wewe. Hilo la kibao shingoni sitaki hata kulizungumza, nitaharibu siku yangu.

Nije kwa mwalimu.

Alikosea. Naandika hivyo mimi mwalimu mstaafu, na naandika nikijua kwamba na mimi nimewahi kunyang'anya madaftari kwenye prepo. Sikuyasoma mbele ya darasa, lakini niliyafungia kabatini na mengine sikuyarudisha, na nilipohama kituo sikumbuki yalikokwenda. Lilikuwepo moja la mvulana mmoja, mashairi, lenye jalada alilolifunika kwa karatasi ya kalenda. Kama anasoma hapa, aniwie radhi. Saa za prepo ni za masomo na mwalimu ana haki ya kukukataza. Ila kusoma siri ya mtoto kwa sauti ya kuigiza, hapo hakuna haki yoyote.

Lakini rudi kwenye barua yako, mwanangu, kwa sababu umeandika mambo mawili ukayapita mbio kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. La kwanza, alifunga daftari kwenye kawa. Mtu aliyeko katikati ya mzaha, darasa zima linacheka, hafungi daftari lake. Anaendelea, utamu umekolea. Huyu alifika kwenye sahani iliyofunikwa, sauti ya kuigiza ikamwishia, akakimbilia Historia. Siwezi kujua moyo wake ulikuwa na nini, sikuwepo. Najua tu kwamba mama yule, bila kusema neno, alimnyamazisha mtu mzima aliyekuja kumcheka. Na mama yule ulimtengeneza wewe, kwa kaunta buku na kalamu ya wino, ukiwa Kidato cha Tatu.

La pili ni huyo msichana wa kitanda cha juu. Kejeli inataka watu wa kuisikia. Usiku, taa zimezimwa, kwa mnong'ono, angemchekesha nani? Alikuinamia akakuuliza kama baba alirudi. Alikaa na swali hilo tangu saa za darasa mpaka usiku, na wewe ukajifunika shuka. Silaumu, ningejifunika na mimi. Ila kama mngali mnawasiliana, mtafute umwambie. Na kama hujui baba alirudi au hakurudi, mwambie hivyo pia, kisha umuulize yeye anaonaje.

Jina la Kawa siwezi kukuamuru ulipende. Naona tu kwamba ulikuwa na majina yote ya duniani ya kuweka chini ya barua, ukaweka hilo.

Kuna sentensi nyingine nimegombana nayo. “Bibi hajui kusoma.” Mistari michache mbele, bibi anasoma msahafu wake jioni. Anajua kusoma, mwanangu. Hajui herufi zako. Hizo zake za Kiarabu ndizo zilizoandika Kiswahili katika pwani hii kwa mamia ya miaka kabla hizi za kwetu hazijaingia shuleni. Mwaka 1858, kule upande wa Pate na Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi akiwa mgonjwa, amtungie binti yake, na karibu na mwanzo anamwita mtoto asogee, akae, awe na wino na karatasi, kwani ana hadithi moyoni. Kuna ubishi mwingi kuhusu anayomshauri huyo binti, nanyi darasani bishaneni. Mimi hunigusa pale tu anapomwita akae. Basi Desemba, jioni bibi akishafunga msahafu, mwombe akuandikie jina lako kwa herufi zake, kwa Kiswahili. Mkono wake utasita, atasema amesahau, atakutania. Mpe karatasi.

Kuhusu kuandika kwenyewe, usinunue kaunta buku jingine. Daftari lina jalada, na kitu chenye jalada kinapendeza kunyang'anywa. Tumia karatasi moja moja, zile zilizobaki nyuma ya madaftari ya muhula uliopita, ukizichana kama ulivyokuwa unachana magazeti. Kipande kimoja, tukio moja. Usizipeleke shuleni, ziache Pangani kwenye kopo la biskuti au popote bibi anapoweka vitu vyake. Saa za prepo mpe mwalimu prepo yake, usimpe mtu sababu. Na ile sauti ikianza kukusoma, usishindane nayo, itakushinda, ina kipaza sauti. Iandike juu kabisa ya karatasi kwamba hii ni ya bibi, au ni ya kitanda cha juu, kisha uandike kwa kumjibu huyo mmoja. Maneno yatakuja vibaya mara za kwanza. Mstari utakuwa na harufu ya hoja, utajikuta umeandika “mwandishi amefanikiwa kuonesha”. Ukate, endelea.

Mjomba ana haki ya kuogopa, yeye ndiye anayelipa. Mwambie uhasibu hauukatai. Shaaban Robert, ambaye nyinyi mnamchambua mpaka mifupa, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, na Pangani kwenu ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Mshahara ulitoka forodhani; vitabu aliviandika kwa muda wake. Tena mbali na vitabu alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia 1931 hadi 1958, nazo zikachapishwa mwaka 2002, yeye ameshafariki miaka 40. Alipokuwa anazikunja kuzitia kwenye bahasha hakuwa na habari kwamba kuna mtu atazitafutia falsafa. Kwa hiyo kasome uhasibu kama ukifaulu na ukiupenda, au ualimu, au sheria, mimi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kama utamwambia mjomba ndiyo kwa sababu ya mwalimu wa zamu.

Neno moja la mwisho limebaki linanikera, lile la “uongo tu wa kitoto”. Mtoto mdogo anashika gazeti lililoliwa na panya, mbele yake ana mdai anayegeuza vitumbua, foleni ya kivuko inasogea, na yeye inabidi aseme kilichotokea sasa hivi, kiaminike, kisizidi urefu wa sufuria moja ya chai. Nimekutana na watu wazima wenye shahada wasioweza.

Nakungoja baada ya Desemba, niandikie tena. Na huyo mwanamke wa Segera, tangu nimeisoma barua yako nimeshindwa kumtoa kichwani. Saa nane usiku, begi jekundu, hataki kondakta aliguse. Ulimwambia bibi kulikuwa na nini ndani?